Karatasi ya Vipimo vya Damu Huleta Swali, Tusiifanye Hukumu

 

Wiki hii tunazungumzia karatasi ambayo siku hizi inaingia karibu kila nyumba: karatasi ya majibu ya vipimo vya kawaida vya damu. Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya tuliyoyakuta Chonyonyo, wilayani Karagwe, mkoani Kagera, tulipoalikwa katika walima wa ndugu yetu mmoja. Baada ya swala ya Ijumaa mzee mmoja alituita pembeni mwa msikiti, akatoa katika mfuko wa kanzu yake karatasi mbili zilizokunjwa pamoja. Akasema, "Wanangu, ninyi kazi yenu ni kusoma na kuandika. Nisomeeni hizi, maana nyumba yangu imekaa kama nyumba ya msiba na hakuna aliyefariki."

Binti yake alikuwa ameposwa. Kama ilivyo desturi sasa kwa familia nyingi za Kiislamu, pande mbili zilikubaliana kwamba wachumba wachunguzwe afya kabla ya nikahi. Kipimo cha Virusi vya Ukimwi wangekwenda kukifanya pamoja siku nyingine, wakiwa na mshauri wao. Siku ile binti alikwenda mjini na mama yake, na wote wawili wakapimwa picha kamili ya damu. Karatasi ya binti ikarudi na herufi L mbele ya chembe nyeupe: mashine ilihesabu 3.4, na mpaka wa chini uliochapwa pembeni ulikuwa 4.0. Hakuna aliyekaa naye kumweleza. Jamaa mmoja akaipiga picha karatasi ile, akaituma kwa simu kwa jamaa mwingine, na kabla ya Alasiri maneno yakawa yamefika kwa wakwe watarajiwa: kinga ya mwili imekwisha. Upande wa mchumba ukaleta salamu za heshima kwamba jambo la nikahi lisubiri kwanza.

Asiyeijua Kagera anaweza kushangaa kuona herufi moja ikibeba uzito kiasi hicho. Lakini ni katika mkoa huu ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983. Wakati ule watu hawakuwa na jina la maradhi hayo, wakayaita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Nyumba zilifungwa, migomba ikaota magugu, na bibi na babu wakaanza upya kulea watoto wachanga. Kwa kizazi kilichoyaona hayo, neno "damu ina kasoro" halisikiki kama neno la maabara. Husikika kama tangazo la mazishi. Hofu hiyo tunaielewa na tunaiheshimu. Hata hivyo, kuielewa hofu hakutupi ruhusa ya kumhukumu binti wa watu.

Tuanze, basi, na kile kilichoandikwa katika karatasi. Mbele ya kila kipimo huwa na mambo matatu: idadi iliyopatikana kwa mpimwaji, mipaka miwili ya chini na ya juu, na pengine herufi au nyota. Herufi H maana yake idadi imevuka mpaka wa juu, na L maana yake imeshuka chini ya mpaka wa chini. Herufi hizo huwekwa na mashine. Mashine haimjui mpimwaji, haijui amekula nini, ana mimba au hana, ametoka kulima au ametoka kitandani. Kazi yake ni kulinganisha namba na namba.

Mipaka hiyo nayo ina asili yake. Hukusanywa watu wengi walio wazima wa afya, hupimwa damu, kisha majibu yao hupangwa kuanzia la chini hadi la juu. Kwa kawaida huachwa nje wawili na nusu katika kila mia upande wa chini, na wawili na nusu upande wa juu. Wale 95 waliobaki katikati ndio wanaoitwa "kawaida". Maana yake ni kwamba watu watano katika kila mia, wakiwa hawana ugonjwa wowote, wataandikiwa H au L kwa jinsi hesabu yenyewe ilivyojengwa. Na mtu akipimwa mambo mengi kwa mara moja, nafasi ya kupata alama huongezeka. Tukichukua vipimo 20 visivyotegemeana, watu wazima wa afya wapatao 64 kati ya 100 watapata angalau alama moja. Kwa hiyo karatasi ndefu isiyo na alama hata moja si jambo la kulitarajia kwa kila mzima.

Lipo swali la pili, ambalo kwa ndugu zetu wa Karagwe ni kubwa zaidi: ni watu gani hao wazima waliopimwa ili mipaka ipatikane? Mashine nyingi zilizo katika maabara zetu zimetengenezwa mbali, na zikiachwa zilivyokuja, huja na mipaka iliyochukuliwa kwa watu wa huko. Ni sawa na fundi anayemshonea mtu wa Chonyonyo kanzu kwa vipimo vya mtu wa nchi nyingine, kisha akamlaumu mvaaji kwamba mikono yake ni mifupi.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliowapima watu wazima wenye afya katika nchi za Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, wakiwemo wa Masaka na Kigali, ambao ni majirani wa Karagwe. Ilionekana kwamba chembe nyeupe za watu hawa wazima ni chache kuliko za watu wa Marekani, na mpaka wao wa chini ulikaribia 3 mahali ambapo vitabu vya kigeni huandika 4 na zaidi. Waliopungua hasa ni nyutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Kwa kutumia mipaka ya kigeni, watu wengi wazima wangeandikwa kuwa na kasoro.

Sababu kubwa ya tofauti hiyo imo katika maumbile tuliyoumbiwa. Waafrika wengi hawana juu ya chembe zao nyekundu alama iitwayo Duffy. Kukosa alama hiyo ni kinga, kwani aina moja ya malaria, iitwayo vivaksi, huitumia kama mlango wa kuingilia katika chembe. Watu hao hao huwa na nyutrofili chache zaidi zinazohesabika katika damu ya mkononi, na wala hawaugui zaidi kwa sababu hiyo. Binti wa Chonyonyo hakuwa na homa, hakukonda, hakuwa na vidonda vya mdomoni wala maradhi ya kujirudia. Idadi ya 3.4 kwake inaweza kabisa kuwa ndiyo kawaida yake tangu azaliwe.

Aidha, ieleweke vyema kwamba picha kamili ya damu si kipimo cha Virusi vya Ukimwi. Chembe nyeupe zinaweza kushuka kwa mafua, kwa malaria, kwa baadhi ya dawa, au bila ugonjwa wowote. Zinaweza pia kuwa nyingi au za kawaida kwa mtu anayeishi na virusi. Anayetaka kujua hali yake ana kipimo chake maalumu, chenye ushauri na chenye siri. Sheria yetu ya mwaka 2008 inayohusu kuzuia na kudhibiti Ukimwi inalinda siri ya majibu hayo. Na kabla ya sheria hiyo, dini yetu ilikwishakataza kumsengenya mtu na kumdhania vibaya. Suratul Hujuraat imetufundisha kuzichunguza habari zinapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Karatasi ya maabara nayo ni habari. Kuituma picha yake kwa simu kabla ya kuichunguza ni kueneza habari isiyothibitishwa juu ya mwili wa Muislamu mwenzetu.

Tulipofika hapo mzee alishusha pumzi. Ndipo tukafungua karatasi ya pili.

Ilikuwa ya mama wa binti. Hakuna aliyeizungumza, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwa bibi harusi mtarajiwa. Nayo ilikuwa na L, tena tatu. Hemoglobini, ambayo wengi tunaiita wingi wa damu, ilikuwa 9.2, ilhali kwa mwanamke asiye na mimba haitakiwi kushuka chini ya 12. Ukubwa wa chembe zake nyekundu ulikuwa 68, na mpaka wa chini ni 80. Kiasi cha hemoglobini ndani ya kila chembe kilikuwa pungufu pia. Tukamuuliza mzee hali ya mama. Akasema anachoka, moyo humwenda mbio akipanda kilima na ndoo ya maji, na siku hizi amekuwa akila udongo. "Lakini yeye mwenyewe husema amezoea," akaongeza.

Hapa, ndugu wasomaji, ndipo penye fundisho letu la leo. Katika nyumba moja, siku moja, herufi ile ile iliandikwa kwa watu wawili. Kwa binti, namba moja ilikuwa imepungua kidogo, peke yake, kwa mtu asiye na dalili. Kwa mama, namba tatu zinazoshuhudiana zilikuwa zimepungua sana, na mwili wake ulikuwa ukisema neno lile lile kwa uchovu na hamu ya udongo. Herufi ya binti iliahirisha nikahi. Herufi ya mama ilikunjwa na kutiwa mfukoni. Watu waliisoma herufi, hawakumsoma mtu.

Chembe nyekundu zikiwa chache na ndogo, jambo la kwanza linalofikiriwa ni upungufu wa madini ya chuma. Kwa mama wa kijijini hupotea kwa njia nyingi: hedhi nzito, mimba zilizofuatana, na minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni. Malaria nayo, ambayo Kagera inaijua vizuri, huvunja chembe nyekundu. Na chakula kina sehemu yake. Ndizi na maharage ni chakula chema, na maharage yana chuma, lakini chuma cha mimea hakiingii mwilini kwa wepesi. Chai au kahawa ikinywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi, na Karagwe ni nchi ya kahawa. Chungwa, papai au pera likiliwa pamoja na maharage hukisaidia kuingia. Dagaa, nyama na maini hutoa chuma kinachopokelewa vizuri zaidi. Kahawa haikukatazwa, iwekwe mbali na sahani kwa saa moja au mbili.

Lipo pia jambo la milima. Vilima vingi vya Karagwe vinapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyoishi juu, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Kwa hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unataka mpaka wa hemoglobini upandishwe kwa takriban gramu 1 kwa wanaoishi kati ya mita 1,500 na 2,000. Mwanamke wa Chonyonyo mwenye 12.3 hatawekewa herufi yoyote na mashine, ilhali kwa nchi anayoishi anaweza kuwa na upungufu mdogo wa damu. Mipaka ya karatasi, basi, inaweza kumtia hofu mzima, na inaweza kumtuliza mgonjwa.

Yapo mambo mengine yanayobadilisha majibu kabla damu haijafika kwenye mashine. Damu iliyokaa saa nyingi, au iliyotikiswa njiani juu ya bodaboda, chembe zake hupasuka na madini ya potasiamu huonekana yamepanda kumbe hayakupanda. Chembe sahani, zinazozuia damu kutoka, zikigandana ndani ya kichupa huhesabiwa pungufu. Sukari ikipimwa mara baada ya uji mtamu haiwezi kusomwa kama ya aliyefunga usiku kucha. Aliyefunga usiku na kukutwa na sukari ya 7.0 au zaidi, bila dalili, hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ana kisukari. Mtu aliyeshinda bila maji, au aliyetoka kulima kwa jembe siku nzima, anaweza kukutwa na vipimo vya figo au vya ini vimepanda kidogo kwa muda.

Kwa kuwa tumetaja kufunga, wengi hutuuliza kama kutolewa damu ya kipimo katika Ramadhani kunaharibu saumu. Wanazuoni wengi wanaona kwamba damu kidogo ya kipimo haiharibu saumu. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, na ikiwezekana apange kipimo kisicho cha haraka baada ya kufuturu au baada ya mwezi. Aliye mgonjwa asicheleweshe kipimo kwa kisingizio hicho.

Sasa afanye nini anayekabidhiwa karatasi yenye herufi? Asiondoke kabla ya kuuliza. Kwanza, aulize namba imevuka mpaka kwa kiasi gani, kwa sababu 3.9 kwa mpaka wa 4.0 si sawa na 1.0. Pili, aulize kama zipo namba nyingine zinazosema jambo lile lile. Tatu, aeleze dalili zake zote, mimba ikiwepo, na dawa zote anazotumia zikiwemo za miti shamba. Nne, aulize kama kipimo kirudiwe na baada ya muda gani. Tano, aitunze karatasi. Karatasi ya mwaka jana ikiwekwa karibu na ya mwaka huu humweleza daktari zaidi kuliko mipaka iliyochapwa, kwa kuwa inaonyesha kawaida ya mtu huyo huyo.

Yapo pia ya kutosubiri. Hemoglobini iliyo chini ya 7 kwa mama mjamzito au mtoto mdogo ni upungufu mkali wa damu na ahudumiwe siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtu anayehema akiwa amekaa, anayetokwa damu fizini au puani bila kukoma, mwenye homa pamoja na chembe nyeupe zilizoshuka sana, au mwenye kiu kali, kukojoa sana na kukonda huku sukari yake imepita 11. Hawa wasirudi nyumbani kushauriana.

Na kwa wanaojiandaa kwa nikahi tunaongeza moja. Ukanda wa Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye selimundu nyingi. Mtu anaweza kuwa na chembe moja ya urithi huo akaishi maisha yake yote bila kuugua, na picha kamili ya damu isimwonyeshe. Wawili wa aina hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Kipimo chake kipo. Kinastahili kuulizwa mapema na kwa staha, ili wawili wajue na waamue, na pasiwepo wa kuaibishwa. Aidha, mtoto mwenye selimundu asipewe vidonge vya chuma bila ushauri wa daktari, hata kama damu yake ni pungufu.

Tulimshauri mzee awapeleke wote wawili kwa tabibu, kila mmoja na karatasi yake, na aingie mmoja mmoja. Baada ya wiki kadhaa alitupigia simu. Chembe nyeupe za binti zilirudiwa zikawa 3.5, nyutrofili chache kidogo, mengine yote salama. Tabibu alimwandikia kwamba hana ugonjwa na asirudie kipimo hicho bila sababu. Mama alikutwa na safura. Amepewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, akaambiwa aviendeleze miezi kadhaa hata baada ya damu kupanda, kwa sababu ghala ya mwili hujaa polepole. "Juzi amepanda kilima bila kupumzika njiani," mzee alisema.

Tukauliza habari ya posa. Mchumba alikuwa amekuja yeye mwenyewe na ami yake kuomba radhi. Mzee amewasamehe. Binti amesema bado anaswali istikhara, na nyumba nzima imemwachia nafasi hiyo.

Tunamuomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, azihifadhi heshima za nyumba zetu, na atujaalie kuuliza kabla ya kusema. Wallaahu a'lam. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.